Kushoto kwa Nani?

Kuna maneno mafupi ambayo watu huyatanguliza mbele ya jina la redio, na ukishayasikia unaona huna haja tena ya kuifungua. "Ile redio ya wapinzani." "Ile ya serikali." "Ile ya wazungu." "Ile ya kanisa." Hapa Nyarugusu tumeyazoea. Mzee akishasema "hiyo ni ya wale", basi hata ikitangaza kwamba kesho kuna chanjo ya surua, kuna mtu atakayebaki nyumbani na mtoto wake. Makala hii inahusu maneno hayo ya mbele. Mtu anayetaka kuieleza redio kwa haki, bila kuipendelea na bila kuionea, aandike nini? Kutoegemea upande ni kuyafuta maneno hayo tu, au ni kazi nyingine kabisa?

Swali hili lilitoka kwenye kikundi cha vijana ninachokisimamia, kwenye mafunzo yetu ya uandishi ya kila Jumatano. Tulitaka redio moja ya mfano, na tukachagua ya mbali kwa makusudi. Ukichukua redio ya Bujumbura au ya Bukavu, kabla ya dakika tano watu wameshakaa kwa makabila, na anayesema "mimi naipenda" anaangaliwa vibaya. Kwa hiyo tukavuka bahari. Tukachukua Pacifica, mtandao wa redio wa Marekani. Kwanza, ndio ulioanzisha huko redio inayolipwa na wasikilizaji wenyewe, yaani hakuna tangazo la sabuni wala la bia. Pili, Wamarekani wamegombana juu ya namna ya kuueleza kwa zaidi ya miaka 70. Sisi, hata wenye ndugu waliohamishiwa kule, hatuna mjomba ndani ya ugomvi huo.

Vijana 12 waligawanyika makundi matatu. Baada ya wiki mbili za kusoma, kila kundi lilileta maelezo yake kwa kifupi. Nitayachambua kama mhakiki anavyochambua kitabu, kwa sababu sentensi nayo ni kazi ya mkono wa mtu na ina la kujibu.

Sentensi ya kwanza: "Pacifica ni mtandao wa redio za mrengo wa kushoto nchini Marekani."

Tuanze na haki yake. Sentensi hii si uongo. Mtandao una vituo vitano: KPFA ya Berkeley, KPFK ya Los Angeles, WBAI ya New York, KPFT ya Houston na WPFW ya Washington. Ukivisikiliza leo utakutana na vyama vya wafanyakazi, wapinga vita, watu weusi na Walatino wanaodai haki zao, watetezi wa mazingira. Kipindi cha Democracy Now! cha Amy Goodman na Juan González, kinachojulikana duniani, kilianzia humo mwaka 1996. Watangazaji wengi wa Pacifica ukiwaita watu wa kushoto hawatakasirika. Kwa hiyo wanaosema neno hilo lifutwe kabisa ili maelezo yawe safi, hapana. Kumficha msomaji jambo ambalo hata wenyewe hawalifichi si kutoegemea upande.

Lakini sentensi hiyo ina matatizo matatu.

Tatizo la kwanza ni kipimo. Kushoto kwa nani? Kushoto hupimwa kutoka katikati, na katikati ya kila nchi iko mahali pake. Kule Marekani mtu akisema matibabu yawe bure kwa wote, wapo watakaomwita mkomunisti. Hapa kwetu mtu akisema hivyo anaitwa mgonjwa. Kijana wa Fizi akisoma "mrengo wa kushoto" anaweza kuwaza waasi wa zamani wa milimani na bunduki zao. Kijana wa Bujumbura akisoma hivyo hivyo hawazi chochote, kwa sababu kwao siasa hazijagawanyika kwa kulia na kushoto. Neno moja, vichwa viwili, picha mbili. Maelezo mazuri yangesema redio hiyo inatetea nini na inapinga nini, halafu msomaji aiweke mwenyewe upande anaouona.

Tatizo la pili ni wakati. Sentensi inasema "ni", kama vile mtandao huu ulizaliwa hivyo na utakufa hivyo. Historia yake si hiyo. Mwanzilishi wake, Lewis Hill, alikuwa miongoni mwa Wamarekani waliokataa kushika silaha katika vita vya pili vya dunia kwa sababu ya dhamiri, na alipelekwa kwenye kambi ya kazi pamoja na wenzake waliokataa. (Vijana walipofika hapo waliinua vichwa. Eti naye aliishi kambini!) Shirika la Pacifica liliundwa mwaka 1946, na kituo cha kwanza, KPFA, kikaanza kurusha matangazo tarehe 15 Aprili 1949. Katiba yake haikuzungumzia kushoto wala kulia. Ilizungumzia kutafuta maelewano ya kudumu kati ya mataifa na kati ya watu wa kila rangi na imani, kuchunguza sababu za migogoro, na kuleta habari sahihi, zisizo na upendeleo, kutoka vyanzo ambavyo kwa kawaida havikutanishwi mahali pamoja. Hilo la mwisho ndilo zito. Hill aliamini kwamba maadui wakiongea kwa kipaza sauti kimoja, watu wakasikiliza mpaka mwisho, vita vinapungua. Katika miaka ya mwanzo KPFA ilimpa nafasi mkomunisti na ikampa nafasi mhafidhina.

Mambo yaligeuka polepole, hasa wakati wa vita vya Vietnam na harakati za haki za watu weusi. Mwaka 1965 mwandishi wa WBAI alifika mpaka Vietnam Kaskazini, upande ambao serikali yake ilikuwa inaupiga mabomu. Toka hapo redio iliyoanza kama meza ya wote ikawa zaidi na zaidi nyumba ya waliokosa meza kwingine. Mimi naona mabadiliko hayo yanaeleweka. Lakini ni mabadiliko, na neno "ni" linayameza.

Tatizo la tatu ndilo kubwa kwetu: nani alikuwa wa kwanza kulisema neno hilo, na alilitumia kufanya nini? Mwaka 1962 WBAI ilimpa kipaza sauti mtu aliyewahi kuwa mpelelezi wa FBI, akaeleza hewani mambo aliyoyaona ndani ya ofisi za mkuu wake, J. Edgar Hoover. Haikupita muda mrefu, kamati ya usalama wa ndani ya Seneti ikawaita viongozi wa Pacifica kuwauliza kama kuna wakomunisti ndani ya redio. Tume ya mawasiliano, FCC, ikakalia leseni zao. Mwaka 1964 tume ilizitoa, ikasema kwamba kuudhi baadhi ya wasikilizaji si sababu ya kunyimwa leseni, maana kwa kanuni hiyo wangebaki hewani wasio na ladha peke yao. Pacifica ilishinda, ila kwa miaka kadhaa ilitangaza bila kujua kama kesho itakuwepo. Neno halikuwa maelezo tena. Lilikuwa hatua ya kwanza ya kufungiwa.

Na huko Houston halikuishia kwenye leseni. KPFT ilianza mwezi Machi 1970. Mwezi Mei mwaka huo huo mtambo wake ulilipuliwa kwa bomu. Wakaujenga. Mwezi Oktoba ukalipuliwa tena. Mwanachama wa Ku Klux Klan alikuja kuhukumiwa kwa kazi hiyo. Ndugu zetu Warundi waliofika hapa mwaka 2015 hawahitaji nifafanue. Mwezi Mei mwaka ule, Bujumbura, RPA, Isanganiro, Bonesha na Renaissance zilishambuliwa na kunyamazishwa, na Rema FM, iliyohesabiwa kuwa ya chama tawala, nayo ilishambuliwa. Kila moja ilikuwa na neno lake la mbele kabla ya moto kufika. Kwa hiyo anayeandika "redio ya upande fulani" ajue kwamba ameshika kiberiti. Kiberiti kinawasha pia jiko, sikatai. Ila usikirushe tu.

Sentensi ya pili: "Pacifica ni sauti huru ya amani inayosema ukweli unaofichwa na vyombo vikubwa."

Kundi hili lilisoma namna mashabiki wanavyoisifu redio, likaipenda, likaandika kwa moyo. Nami pia ninaipenda Pacifica kwa mambo mengi. Ndiyo maana sentensi hii inanisumbua kuliko ya kwanza. Ya kwanza inamfanya msomaji afunge redio. Hii inamfanya afungue redio na kufunga kichwa.

Chukua neno "huru". Huru kutoka kwa nani? Kutoka kwa wafanyabiashara, ndiyo. Hill alipiga hesabu kwamba asilimia 2 tu ya wasikilizaji wa FM wa eneo lake wakilipa dola 10 kwa mwaka, kituo kitaishi. Hesabu haikukubali mara moja: mwaka 1950 KPFA ilinyamaza kwa kukosa fedha, ikarudi hewani mwaka 1951. Lakini wazo lenyewe lilishika, na baadaye redio nyingi za Marekani zikaliiga. Ni jambo kubwa, tusilipunguze.

Hata hivyo anayelipwa na wasikilizaji hayuko huru kutoka kwa wasikilizaji. Kila mwaka kunakuja wiki za harambee hewani, mtangazaji anaomba, simu zinapigwa. Nani anapiga simu? Yule anayekubaliana na alichokisikia. Anayekasirika hachangi. Kwa hiyo polepole redio inajua ladha ya wanaoilisha. Mama muuza maandazi pale sokoni anajua habari hii bila kusoma: ukikuta wateja wanataka yenye sukari, hutapika ya chumvi kwa sababu ya kanuni. Michango ya wasikilizaji inaondoa bwana mmoja na kuleta mabwana wengi wadogo. Ni afadhali, kwa maoni yangu, lakini si sawa na kutokuwa na bwana.

Chukua neno "amani". Mwishoni mwa 1968, New York ikiwa na ugomvi mkubwa wa shule kati ya walimu, wengi wao Wayahudi, na mitaa ya watu weusi, kipindi kimoja cha WBAI kilisoma hewani shairi la mwanafunzi lenye chuki dhidi ya Wayahudi. Chama cha walimu kilipeleka malalamiko. Mtangazaji alijitetea kwamba alitaka watu wasikie chuki ilivyo mtaani ili waijadili, si kuisifu. Inawezekana. Lakini sikio la mama Myahudi aliyekuwa jikoni halikuletewa ufafanuzi kwanza. Maelezo ya haki yatalitaja tukio hilo pamoja na utetezi wake, bila kulifanya kuwa redio nzima na bila kulificha chini ya neno "amani".

Chukua tena "huru", safari hii ndani ya nyumba. Mwaka 1999 viongozi wa Pacifica waligombana na wafanyakazi wa KPFA. Walikuwa wamekataza watangazaji kuuzungumzia ugomvi huo hewani. Mtangazaji mmoja alipouzungumzia, alitolewa studio na kukamatwa, na wafanyakazi wakafungiwa nje ya jengo lao. Wasikilizaji walijaa barabarani, watu wapatao 10,000 waliandamana Berkeley kuirudisha redio yao. Kesi zikaendelea mpaka makubaliano ya mwishoni mwa 2001, na baada yake wasikilizaji wanaochangia wakapata haki ya kuchagua bodi za vituo. Na bado haikuisha. Oktoba 2019 uongozi wa mtandao uliifunga WBAI ghafla kwa sababu ya madeni, na ikachukua wiki kadhaa na mahakama mpaka wenyewe wakarudi hewani.

Nayaeleza haya si kwa kuichafua redio. Nayaeleza kwa sababu mtu aliyeambiwa "ni sauti huru ya ukweli" akija kuyasikia mwenyewe atasema amedanganywa, na hapo ataacha kuamini hata yale mema. Sifa zisizo na kasoro ndizo zinazomwandaa msomaji kuamini matusi.

Sentensi ya tatu: "Pacifica ni mtandao wa redio wa Marekani. Wengine wanasema ni wa kushoto, wengine wanasema ni huru."

Kundi la tatu lilikaa kimya likitabasamu. Walijua wamepatia. Wenzao wawili wa kwanza wamegombana, wao wamewasikiliza wote wawili na kuwaweka kwenye mizani. Ofisini sentensi hii ingepita bila alama nyekundu. Kwangu ni dhaifu kuliko zote, na nitasema kwa nini.

Kwanza, haina kitu. Mtu asiyeijua Pacifica akiisoma, anabaki hajui nani analipa, nani anaongea, ilianza lini, imefanya nini. Amejua tu kwamba kuna ugomvi. Maelezo yanayotaja ugomvi peke yake ni kama mtu kukuonyesha vumbi la ng'ombe waliopita na kukuambia hao ndio ng'ombe.

Pili, mizani hii inaweka vitu visivyolingana. Ijaribu Houston: "Wengine waliiunga mkono redio, wengine waliipinga." Ni kweli! Waliopinga walitumia baruti. Sentensi iliyopata usawa kwa kuficha baruti tayari imechagua upande, nao ni upande wa mwenye baruti.

Tatu, "wengine" ni nani? Seneta? Msikilizaji aliyechanga dola 10? Mfanyakazi aliyefungiwa nje? Kila kauli ina mdomo. Ukiukata mdomo unabaki na upepo, na upepo haujibu maswali. Mwandishi anayejali ataandika: kamati ya Seneti ilisema hivi mwaka fulani, wasikilizaji walisema vile, wafanyakazi wakasema hili. Hapo msomaji anaweza kupima nani alikuwa na sababu gani.

Kwenye mjadala, kijana mmoja wa Kirundi aliuliza swali lililotunyamazisha. Alisema: "Mkubwa, ukisema kila redio ina upande, na kwamba kuwa na upande si dhambi, basi RTLM tuieleze vipi? Nayo tuseme ilikuwa na mtazamo wake?"

Hili lazima lijibiwe, hasa kwa watu wa eneo hili la maziwa. Kwanza tuangalie RTLM ilivyojieleza yenyewe. Ilianza kutangaza Rwanda mwezi Julai 1993. Kwenye jina lake lilikuwemo neno la Kifaransa lenye maana ya "huru". Haikuwa redio ya taifa. Iliuza hisa kwa wananchi. Mtu ambaye angeandika "redio huru, isiyo ya serikali, iliyochangiwa na watu" angekuwa na karatasi za kuonyesha! Hii inatufundisha kwamba kutaja tu nani analipa hakutoshi, hata kwa Pacifica. Lazima useme pia kilichotamkwa, na kilichofuata. RTLM iliwaita watu mende na kuelekeza wauaji. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa kule Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili. Kuandika "redio iliyochochea mauaji ya kimbari" si kuegemea upande. Ni kueleza kilichotokea, pamoja na aliyehukumu na tarehe. Na anayeandika "wengine wanasema ilichochea" ndiye aliyeegemea.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana lilikuwa hili: kuwa na upande ni jambo moja, kumwondolea mwenzako utu ni jingine. Redio ya wafanyakazi inayotetea mishahara ina upande. Mwajiri akiisikia atakasirika, lakini kesho ataamka salama. Mpaka uko hapo, na unapimwa kwa maneno yenyewe yaliyotoka hewani. Rangi ya bendera haikupimii.

Sasa neno kwa kaka na dada zetu wa mashirika, maana najua nanyi mnasoma kurasa hizi. Neno "kutoegemea upande" kwenu ni kanuni ya kazi, na ina sababu nzuri. Msalaba Mwekundu hauchagui jeshi kwa sababu unataka kumfikia majeruhi wa pande zote mbili. Anayebisha hilo hajawahi kusubiri gari la wagonjwa. Lakini kanuni ya anayebeba majeruhi si lazima iwe kanuni ya anayeandika. Hata kati yenu mlibishana: baada ya vita vya Biafra, madaktari na waandishi wa Kifaransa walianzisha Madaktari Wasio na Mipaka mwaka 1971, na miongoni mwao walikuwemo walioona kwamba kunyamaza juu ya walichokiona hakukuwa sawa.

Na hapa Pacifica ina somo moja zuri sana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1967, iliyoleta fedha za umma kwa redio na televisheni za jamii, ilikuja na masharti. Kituo kilichopokea fedha hizo kilikatazwa kutoa maoni yake kama kituo. Ukila ruzuku, usiseme unachofikiri. Pacifica na wenzake walikwenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, majaji 5 kwa 4, kwamba sharti hilo linavunja uhuru wa kusema. Angalieni hesabu hiyo: jaji mmoja tu ndiye aliyepindua mizani. Yaani hata watu wenye elimu yote ile waligawanyika juu ya swali ambalo sisi hapa tunaletewa kwenye fomu kama jambo dogo la kuweka alama ya tiki.

Maana fomu tunayo. Kikundi chetu kina kipindi cha sauti. Tunakirekodi kwa simu, kinasambaa kwa WhatsApp na kwa memori kadi, na kinapigwa kwenye spika za saluni mbili na duka moja la simu. Tumeomba maikrofoni mbili na betri. Fomu inataka tueleze mradi kwa kifupi na kuthibitisha kuwa "hauna upande wowote". Vijana wengi walitaka tuandike tu ndiyo, tupate maikrofoni, maisha yaendelee. Nawaelewa. Lakini mwezi uliopita kipindi kilizungumzia wasichana wanaoacha sekondari, na kilisema wazi kwamba hilo ni baya. Je, huo si upande?

Kwa hiyo kazi ya mwisho ilikuwa kuandika maelezo mawili, la Pacifica na letu, kwa kanuni ile ile: nani analipa, nani anaongea, alianza lini na amebadilika vipi, amesema nini, nani amemlaumu na kwa lipi. Maneno ya sifa na ya lawama yanaruhusiwa, ila yawe na mwenyewe.

La Pacifica likawa hivi: "Pacifica ni mtandao wa vituo vitano vya redio nchini Marekani, ulioanzia Berkeley mwaka 1949 chini ya wapinga vita. Hautangazi biashara, na unaishi zaidi kwa michango ya wasikilizaji. Katiba yake inautaka ulete habari sahihi kutoka vyanzo vinavyopingana. Tangu miaka ya 1960 vipindi vyake vingi vimekuwa karibu na harakati za kupinga vita, za watu weusi na za wafanyakazi, ndiyo maana wanaoupenda na wasioupenda huuita wa mrengo wa kushoto. Ulichunguzwa na Seneti, na mtambo wake wa Houston ulilipuliwa mara mbili. Umelaumiwa kwa maneno ya chuki yaliyosikika hewani, kwa madeni, na kwa ugomvi wa ndani uliofunga vituo vyake wenyewe."

Ni refu kuliko sentensi tatu za mwanzo. Sioni njia fupi. Mpenzi wa Pacifica akilisoma atakuna kichwa, na adui yake atakuna kichwa, lakini wote wawili watakubali kwamba wanayemsoma ni yule yule wanayemjua.

Letu ni hili, na ndilo tuliloliandika kwenye fomu kwa kalamu ya wino: "Kipindi hiki kinatengenezwa na vijana 12, Wakongo tisa na Warundi watatu. Betri za sasa zimenunuliwa na wenye saluni mbili na duka la simu, na hatuwasifu hewani. Hatumwombei mtu kura wala hatutangazi jeshi la mtu. Tuna upande katika jambo moja: tunataka watoto wa kambi hii, wa kike na wa kiume, wamalize sekondari. Anayeona tumekosea aje Jumatano, atapewa kipaza sauti."

Fomu imeshapelekwa. Ndugu msomaji, kama una namna bora ya kuieleza redio unayoisikiliza wewe, iwe Okapi, Kwizera, BBC au ile ya mjomba wako, iandike kwa kanuni hizo na uilete kwa wahariri wa toleo lijalo. Usisahau kusema nani analipa.